Fahamu: Kipima gesi kinapotoa onyo kwenye makaa ya mawe
Makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, huendelea kufyonza oksijeni hata baada ya kuchimbwa. Yakirundikwa hupata joto na kutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Kwa hiyo kipima gesi kikilia, watu huondoka kwanza. Kifaa huchunguzwa baadaye, kwenye hewa safi, ambako kinapaswa kusoma oksijeni asilimia 20.9. Kikisoma pungufu, huenda kihisio kimechakaa au kinahitaji kusawazishwa upya.

Hatari zaidi ni kifaa kusoma sifuri ya methani ilhali gesi hiyo ipo. Mvuke wa silikoni huweza kuua kimyakimya kihisio kinachopima methani kwa kuiunguza, na skrini isionyeshe hitilafu yoyote. Hitilafu hiyo hugundulika kwa kukipulizia kifaa gesi ya majaribio yenye kiwango kinachojulikana, kabla ya kila zamu. Kichujio cha kifaa kikizibwa na vumbi, hubadilishwa.