KISU CHA KUKUNJA: USINUNUE MNG'ARO, NUNUA KAZI

Ndugu msomaji, wahenga walisema: mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Lakini hawakutuambia kisu kizuri kinachaguliwaje. Leo tuzungumze jambo hilo.

Kisu cha kukunja ni kisu kidogo. Ubapa wake hulala ndani ya mpini. Ukikikunja, unakitia mfukoni bila kujikata. Mkulima hukatia kamba na kufungulia magunia. Mvuvi hukatia nyuzi za wavu. Mwenye bustani hukatia vikonyo vya kubebesha miche. Nyumbani hutumenyea machungwa. Ni chombo kidogo, lakini kazi zake ni nyingi.

Kwa sababu hiyo visu hivi huuzwa kila mnada. Vingine ni vizuri. Vingine ni hasara. Tutavitenganishaje?

NILIVYODANGANYIKA

Mwaka mmoja nilikwenda mnadani kuuza mbuzi. Nilipokwisha kupata fedha, niliona kisu juu ya turubai. Kiling'aa kama kioo. Kilikuwa na kijiko, uma na kifungulio cha chupa, vyote katika mpini mmoja. Muuzaji akaniambia, "Chukua kaka, hii ni mali ya Ulaya." Sikukikagua. Sikutazama hata kama kina jina. Nililipa nikaenda zangu.

Siku ya tatu nilikuwa nakata kamba ya mbuzi. Kamba ilikuwa ngumu. Nilikisukuma kisu kwa nguvu. Ncha ikakwama, ubapa ukajikunja, ukaniangukia kidole cha shahada. Zahanati walinishona nyuzi tatu. Kwa wiki mbili sikushika jembe, na ulikuwa wakati wa palizi. Mke wangu alipalilia shamba lote peke yake.

Nilipopona nilikipeleka kisu kile kwa mhunzi wa kijiji chetu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kidole kinaendeleaje?"

Nilimpa kisu. Alikifungua, akakitikisa, akakitazama juani. Kisha akasema, "Mwanangu, kisu hiki kilikuwa kinasema tangu siku ulipokinunua. Wewe hukukisikiliza."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kisu chake. Kilikuwa na mpini wa mti, na ubapa mweusi mweusi uliokwisha kuwa mwembamba kwa kunolewa. Akaniambia, "Hiki ninacho tangu kifungua mimba wangu alipokuwa anatambaa. Leo yeye mwenyewe ana watoto."

Juu ya ubapa palikuwa na herufi tano. Nikazisoma: OKAPI.

OKAPI NI KISU GANI?

Okapi ni mnyama wa misitu ya Kongo. Ni ndugu wa twiga, lakini miguu yake ina milia kama ya punda milia. Watu wa misitu ile walimjua tangu zamani. Wataalamu wa Ulaya walimwandika katika vitabu vyao mwaka 1901.

Mwaka uliofuata, 1902, visu vyenye jina hilo vilianza kutengenezwa Ujerumani. Havikukusudiwa Wajerumani wa kwao. Vilitengenezwa ili viuzwe katika makoloni ya Ujerumani hapa Afrika. Wakati huo Wajerumani walikuwa wakitawala Tanganyika, Rwanda na Burundi. Hivyo kisu hiki tangu mwanzo kilitengenezwa kwa ajili ya soko la Afrika.

Mwaka 1988 kazi ya kukitengeneza ilihamia Afrika Kusini. Kwa hiyo mtu akikuambia Okapi yake mpya inatoka Ujerumani, mwulize vizuri.

Okapi inayojulikana zaidi ina mpini wa mti, wenye mapambo ya chuma ya mwezi na nyota. Mgongoni mwa mpini pana springi, na springi hiyo ina pete ndogo. Ukifungua kisu, utasikia kikilia kra, kra, kra. Hayo ni meno ya kifungio yanayoshika ubapa. Ubapa hauwezi kurudi mpaka uivute pete. Vipo pia visu vya Okapi visivyo na pete. Hivyo havina kifungio hicho.

UZURI WAKE NA KASORO ZAKE

Mhunzi alinieleza kwamba roho ya kisu ni chuma chake. Chuma cha Okapi ni chuma cha pua chenye kaboni. Kaboni ni kitu kilekile kilichomo katika mkaa. Katika sehemu 100 za chuma hicho, kaboni ni kama nusu sehemu tu. Lakini nusu hiyo ndogo ndiyo inayokifanya chuma kikubali matiko.

Matiko ni nini? Chuma huchomwa mpaka kiwe chekundu, kisha hupozwa ghafla. Hapo huwa kigumu. Baadaye hupashwa moto tena kidogo ili kisiwe kama kigae. Kisu kisichotiwa matiko ya kutosha, makali yake hulala. Kisu kilichozidishiwa matiko, makali yake humeguka na kufanya mapengo. Kisu kizuri kiko katikati.

Uzuri wa Okapi ni huu. Bei yake si kubwa. Chuma chake hunoleka upesi kwa jiwe la kawaida. Ubapa wake ni mwembamba, kwa hiyo hukata bila kutumia nguvu nyingi. Mfano wenye pete hauwezi kukufumba kidole ovyo, kama kifungio ni kizima.

Kasoro zake pia zipo. Hushika kutu usipokikausha. Mara nyingi hakikutengenezwa kwa unadhifu mkubwa. Kimoja hutoka kimekaza, kingine hutoka kimelegea. Pengine makali yake ya kiwandani hayatoshi, na lazima ukinoe kwanza. Pia kukifunga kunataka uangalifu, kwa sababu mkono mmoja huvuta pete na mwingine hukunja ubapa.

Je, chuma kinachong'aa ni kibaya? Hapana. Kipo chuma kilichochanganywa na kromu ili kisishike kutu. Visu vya Victorinox vya Uswisi hutengenezwa kwa chuma cha namna hiyo, na ni visu vizuri sana. Vina bei kubwa kuliko Okapi. Opinel ya Ufaransa, iliyoanza mwaka 1890, hupatikana kwa chuma cha kaboni na kwa chuma kisichoshika kutu. Kwa hiyo mng'aro peke yake hausemi kitu. Hausemi kisu ni kizuri, wala hausemi ni kibaya. Kinachosema ni ukaguzi wako.

KAGUA KABLA HUJALIPA

Mhunzi alinifundisha mambo sita. Shika kisu mkononi, ukayafanye mbele ya muuzaji. Muuzaji mwenye mali nzuri hatakasirika.

1. Soma jina. Hapa ndipo faida ya kujua kusoma inapoonekana. Jina lolote likisifika, huigwa. Soma herufi moja moja. Kama herufi imebadilishwa au imeongezwa, ujue hicho si kisu chenye jina lile.

2. Fungua na funga mara tano. Ubapa usiwe mgumu mpaka uvunje kucha. Pia usiwe mlegevu mpaka uanguke wenyewe.

3. Tikisa ubapa kushoto na kulia. Kiungo chake hushikwa na ribiti, yaani msumari uliogongwa pande zote mbili. Ubapa ukicheza cheza, ribiti imelegea. Kisu kipya hakitakiwi kucheza.

4. Jaribu kifungio. Fungua kisu mpaka mwisho. Shika mpini ubavuni, vidole vyote viwe mbali na njia ya ubapa. Gonga mgongo wa ubapa polepole juu ya ubao. Kama ubapa unarudi, kirudishe kisu kwa mwenyewe. Kisu kama hicho ndicho kilichonikata mimi.

5. Tazama ubapa ukiwa umefungwa. Ulale katikati ya mpini. Ukigusa upande mmoja, makali yatakwaruzwa kila siku na kisu kitakuwa butu.

6. Tazama makali juani. Elekeza makali kwenye macho yako, kisu kikiwa mbali kidogo. Ukiona mstari mweupe unaong'aa, hapo pamefubaa. Makali halisi hayaonyeshi mstari. Ukiona vidoa vyeupe vichache, kitanoleka. Ukiona mapengo, kiache.

Kisu changu cha mnadani kingeshindwa jambo la tatu na la nne palepale. Ningetumia dakika mbili tu. Nilizikataa, nikalipa kwa wiki mbili.

TUFANYE HESABU

Watu wengi hutazama bei peke yake. Hebu tupige hesabu kwa mfano.

Tuseme kisu cha kwanza kinauzwa shilingi 3,000, nacho hudumu miezi 4. Kisu cha pili kinauzwa shilingi 12,000, nacho hudumu miaka 3.

Miaka 3 ni miezi 36. Gawa 36 kwa 4. Utapata 9. Basi utanunua visu 9 vya namna ya kwanza. Zidisha 9 kwa shilingi 3,000. Utapata shilingi 27,000. Mwenye kisu cha pili ametumia shilingi 12,000 tu. Amebakiza shilingi 15,000.

Kipi ni cha bei rahisi? Bado hatujahesabu nauli ya kwenda mnadani mara 9. Bado hatujahesabu kidole.

Lakini tusiseme kwamba kila kisu cha bei kubwa kinafaa. Kisu cha bei kubwa usichoweza kukinoa kijijini kwako, au unachoogopa kukitumia kisije kikapotea, hakina faida kwako. Thamani ya kisu ni kazi inayofanya kwa kila shilingi uliyotoa.

KITUNZE KIKUTUNZE

Kisu kizuri kikikosa matunzo huharibika kama kibaya. Fanya hivi.

Ukimaliza kukata machungwa, maembe au nyama, kioshe na kikaushe mara moja. Tia tone la mafuta kwenye kiungo na kwenye ubapa. Mafuta ya nazi au alizeti yanafaa. Ubapa wa chuma cha kaboni ukigeuka kijivu au bluu baada ya kukata matunda, usiogope. Hiyo si kutu, ni rangi tu. Kutu ni nyekundu, nayo hula chuma. Isugue kwa majivu laini mpaka itoke.

Kunoa kuna pembe yake. Chukua karatasi yenye kona ya mraba. Kunja kona hiyo nusu kwa nusu. Kunja tena nusu kwa nusu. Pembe ndogo uliyoipata ndiyo pembe ya kuweka kati ya ubapa na jiwe. Lowesha jiwe. Sukuma kisu mara kumi upande mmoja, kisha mara kumi upande wa pili. Usibadilishe pembe. Endelea mpaka kisu kikate karatasi bila kuirarua.

Ribiti ikilegea, mpelekee mhunzi. Huigonga kidogo kwa nyundo, kazi ikaisha. Usikifanye kisu kuwa mtaimbo. Kisu ni cha kukata, si cha kubandulia mifuniko wala kung'olea misumari. Ncha nyingi huvunjika kwa njia hiyo.

Kiweke mbali na watoto. Usimpe mtu kisu kikiwa wazi. Tena usikichukue kwenda nacho kilabuni au kwenye mkusanyiko. Huko Afrika Kusini, Okapi imepata jina baya kwa sababu wahuni waliitumia kuumizia watu. Kosa halikuwa la kisu. Kosa lilikuwa la mkono.

MWISHO

Mnada uliofuata nilikwenda tena. Muuzaji alikuwa na visu vitatu vya Okapi. Nilivikagua vyote. Cha kwanza kilicheza kwenye ribiti. Cha pili ubapa wake uligusa mpini. Cha tatu kilifaulu mambo yote sita. Visu vitatu vya jina moja na bei moja, lakini kilichofaa ni kimoja tu. Hicho ndicho ninacho mpaka leo.

Basi, ndugu msomaji, jina zuri linakuambia uanzie wapi kutazama. Halikuambii uache kutazama. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tumia macho, tumia vidole, ndipo utoe fedha.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini ubapa usiofungwa vizuri ni hatari?
2. Taja mambo sita ya kukagua kabla ya kununua kisu.
3. Kisu kinauzwa shilingi 4,000, nacho hudumu miezi 6. Utatumia shilingi ngapi kwa miaka 2?
4. Toa mfano wa chombo kingine, kama jembe au panga, ulichonunua kwa bei ndogo kikakutia hasara. Ungekikaguaje?