Umeme Ukiingia Kichwani, Unapita Wapi?

Kamenge, kaskazini mwa Bujumbura, kipo kituo cha magonjwa ya akili na mishipa ya fahamu kinachoendeshwa na mabruda Wakatoliki tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wenye kifafa ni miongoni mwa wanaotibiwa hapo. Burundi inakijua mno kifafa. Utafiti uliofanywa Kiremba, kaskazini mwa nchi, na kuchapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba tegu wa nguruwe anachangia sana ugonjwa huo. Mabuu yake hujenga vifuko vya majimaji ndani ya ubongo. Yakifa, vifuko vingi hugeuka chokaa.

Kwingineko duniani, watafiti wanajaribu kutibu sonona, kiharusi na kifafa chenyewe kwa umeme hafifu. Mgonjwa hubandikwa elektrodi mbili kichwani, kisha mkondo wa miliampea 1 au 2 hupitishwa kwa dakika kama 20. Hapasuliwi, wala halazwi usingizi.

Lakini ni umeme kiasi gani unaoufikia ubongo? Mwaka 2018, watafiti wa Hungaria na Marekani waliopima kwenye maiti walikuta kwamba takribani robo tatu ya mkondo huishia kwenye ngozi, nyama na fuvu. Daktari anajua alichokiandika kwenye mashine. Kilichofika ndani hakijui.

Hapo ndipo MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, inapoingia. Umeme popote unapopita huzaa uga wa sumaku. Mashine ya MRI husikiliza viini vya haidrojeni katika maji ya mwili vikizunguka ndani ya sumaku yake, na uga huo mdogo wa ziada huvifanya viharakishe au vichelewe kidogo. Kutokana na tofauti hiyo, kompyuta hukokotoa njia ya mkondo. Michael Joy na wenzake wa Toronto walionyesha mwaka 1989 kwamba jambo hilo linawezekana.

Ugumu uko kwenye kipimo. Uga unaotafutwa ni wa nanotesla 1 hivi, ilhali uga wa dunia hapa Bujumbura unazidi nanotesla 30,000, na sumaku ya MRI ya hospitali kubwa hufikia tesla 3. Cihan Göksu, Axel Thielscher na wenzao huko Hvidovre, kando ya Copenhagen, walipopima ubongo wa watu hai waligundua kwamba hata nyaya zinazoleta umeme kichwani huharibu ramani. Ikabidi uga wa nyaya ukokotolewe na kuondolewa.

Waliopimwa walikuwa na afya njema. Kichwa chenye vifuko vya tegu ni habari nyingine: majimaji hupitisha umeme kwa urahisi, chokaa huuzuia, na mkondo hupinda. Wagonjwa wa namna hii ndio wanaoihitaji ramani hiyo kuliko wengine, na kuwatibu kwa wastani wa vichwa vya Ulaya si haki.

Pa kuanzia pamepatikana jirani. Mwaka 2022, Johnes Obungoloch na wenzake wa Chuo Kikuu cha Mbarara, Uganda, wakishirikiana na wataalamu wa Uholanzi na Marekani, waliunda palepale chuoni mashine ya MRI yenye sumaku ya militesla 50 hivi. Kwa nguvu hiyo ndogo, nanotesla moja haisomeki kirahisi, ila umbo la ubongo linaonekana. Nayo programu ya SimNIBS, inayokadiria njia ya umeme kutokana na picha za MRI za kichwa husika, inapatikana bure.