MBOGA KATIKA MADEBE: SHAURI KWA MWENYE KITALU NYUMBA

Maelezo haya yameandikwa kwa ajili yako uliye na kitalu nyumba, yaani nyumba ya miti au ya mabomba iliyofunikwa kwa nailoni ing'aayo, ambamo hupandwa mboga. Katika nchi za milimani, kama vile Lushoto, Njombe na Limuru, nyumba hizi huzikinga nyanya na mvua ya masika na baridi ya kipupwe. Nyumba hii hugharimu fedha nyingi, nayo yapasa kumfaa mwenyewe kwa miaka mingi. Lakini mara nyingi twaona jambo la kusikitisha: mavuno ya kwanza ni mema, ya pili hupungua, kisha nyanya hunyauka zote, na nyumba huachwa kuku walale humo. Nailoni haina kosa, wala mbegu haina kosa. Kosa li katika udongo.

ADUI ALIYE UDONGONI

Nyanya, viazi mviringo, biringanya, pilipili na tumbaku ni ndugu wa ukoo mmoja. Ukipanda ndugu hao mahali pamoja msimu baada ya msimu, maradhi yao hukusanyika udongoni. Yaliyo mabaya sana ni mnyauko bakteria. Kijidudu chake kilielezwa na mtaalamu wa Marekani, Erwin F. Smith, mwaka 1896, na leo yajulikana kwamba hushambulia mimea ya aina zaidi ya 200. Huingia kwa njia ya mizizi, huziba mishipa ya maji, na mmea hunyauka ungali wa kijani. Siku za kwanza majani hulegea adhuhuri na kuinuka jioni. Baadaye hayainuki tena. Hakuna dawa ya kuuponya mmea uliokwisha kupatwa.

Shambani waweza kuuacha udongo mgonjwa ukalima upande mwingine. Kitalu nyumba hakihami. Basi, ikiwa nyumba haiwezi kuuhama udongo, yafaa udongo uweze kuihama nyumba. Hiyo ndiyo kazi ya debe.

FAIDA YA DEBE

Wahenga walisema, samaki mmoja akioza, wote wameoza. Katika tuta refu mizizi hunywa maji yale yale, na mche mmoja ukiugua huwaambukiza jirani zake. Katika madebe kila mche una udongo wake na maji yake. Mmoja ukiugua, wautoa mmoja, na wengine hubaki.

Jambo hili si geni duniani. Huko Versailles, Ufaransa, nyumba ya michungwa ilijengwa kati ya mwaka 1684 na 1686, na hata leo miti yake hukaa katika makasha: hutolewa nje mwezi wa Mei, hurudishwa ndani mwezi wa Oktoba kabla ya baridi. Mfalme alifanya hivyo kwa fahari. Sisi twafanya kwa ajili ya chakula na ada za watoto.

KUTENGENEZA VYOMBO

Debe la lita 18 au 20 latosha mche mmoja wa nyanya au wa biringanya. Ndoo ya lita 10 yatosha sukuma wiki mmoja. Mchicha na vitunguu vya majani huridhika na kasha lenye kina cha sentimita 20. Waweza kutumia mifuko, viroba au ndoo zilizovunjika mikono, lakini usitumie kabisa chombo kilichowahi kutiwa dawa ya wadudu, rangi au mafuta machafu, hata kama umekiosha.

Toboa matundu 6 au 8 chini, kila moja lenye upana wa kidole kidogo. Kisha liweke debe juu ya mawe au matofali. Usidharau jambo hili. Debe likikaa juu ya udongo, mizizi hupita matunduni na kuingia katika sakafu ile ile uliyokuwa ukiikimbia, na kazi yako yote ni bure. Debe la bati na mfuko mweusi hushika joto. Upake chokaa nje, au uukinge kwa nyasi, ili mizizi isiungue.

UDONGO

Changanya sehemu 2 za udongo mzuri, sehemu 1 ya samadi iliyooza sana, na sehemu 1 ya mchanga mnene. Chukua udongo mahali ambapo hapajapandwa nyanya wala viazi. Ukiwa na shaka, ulowanishe, uutandaze kwa unene usiozidi sentimita 20, uufunike kwa nailoni ing'aayo, ukaze kingo zake, na uuache majuma 6 wakati wa jua kali. Joto hilo hupunguza sana vijidudu na minyoo fundo.

KUNYWESHA NA KULISHA

Mmea wa debe ni kama mfungwa: hauwezi kujitafutia. Mnyanya mkubwa wakati wa joto huhitaji maji lita 1 mpaka 2 kwa siku. Tia kidole udongoni. Ukiona pakavu, nywesha mpaka maji yatoke chini. Usikaushe leo na kugharikisha kesho, kwa maana nyanya zitaoza kitako. Kila majuma 2 au 3 ongeza konzi mbili za samadi iliyooza, kwa sababu maji huchukua chakula na kutoka nacho.

Joto la ndani likipita nyuzi 35, maua ya nyanya hupukutika. Fungua milango na madirisha mapema. Na kwa kuwa humo ndani hakuna upepo, tikisa miti ya nyanya polepole kila siku asubuhi, umande ukisha kukauka, ili chavua ianguke na matunda yashike.

KUHAMISHA

Usimfunge mnyanya kwa kamba ya darini. Utakuwa umemfunga nyumbani. Simika mti ndani ya debe lenyewe, umfunge hapo. Debe lililojaa lina uzito. Lichukuliwe na watu wawili, au kwa toroli, wala lisiburutwe.

Wakati wa masika, nyanya na zikae ndani, kwa kuwa majani makavu hayapatwi upesi na bakajani. Kabichi na sukuma wiki hustahimili nje. Miche michanga izaliwe ndani, kisha itolewe nje saa chache kila siku kwa siku 7 mpaka 10, ipate kuzoea jua na upepo. Usiku wa baridi kali irudishwe.

Debe lirudilo kutoka nje lisiingizwe moja kwa moja. Liweke kando siku 7, ukatazame chini ya majani kama kuna inzi weupe au utitiri. Mgeni huyu asipochunguzwa mlangoni, atakula mavuno ya nyumba nzima.

MMEA UKINYAUKA

Ukiona mmea umenyauka na udongo wake una maji, usingoje kesho. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, ukitundike katika bilauri ya maji safi. Baada ya dakika chache, kama nyuzi nyeupe kama maziwa zashuka majini, huo ni mnyauko bakteria.

Litoe debe siku ile ile, bila kumwaga udongo njiani. Mmea ukaushwe na kuchomwa moto. Udongo usitupwe bustanini, wala kando ya mto, wala mahali maji yanapoteremkia shamba lako au la jirani. Debe lioshwe kwa maji yachemkayo na kuanikwa juani. Kisu kioshwe kwa sabuni na kupitishwa motoni. Mikono na viatu vioshwe pia. Madebe yaliyokuwa jirani yatengwe, yanyweshwe mwisho, na kutazamwa kwa majuma 3.

Mkulima mmoja niliyemtembelea alinionyesha madebe yake 60. Manne yalikuwa yametolewa nje kwa ugonjwa, naye alinung'unika. Nilimwuliza, "Mwaka jana, ulipopanda katika matuta, ulibakiwa na mangapi?" Alicheka, akasema, "Hata moja."

Ndugu mkulima, usianze na madebe mengi. Anza na 10, uyatunze msimu mmoja, ndipo uongeze. Lisilo wazi, mwulize bwana shamba wa mahali pako. Nawe uliyesoma, msomee mwenzako asiyejua kusoma, kwa maana ugonjwa wa shamba lake ni jirani wa shamba lako.