Je, Wajua? Twiga wa Soy Wanavyojaza Hoteli Nairobi

Je, wajua kwamba twiga wanaoingiza shingo dirishani wageni wakistaftahi pale Giraffe Manor, Lang'ata, asili yao ni Soy, karibu na Eldoret, kaunti ya Uasin Gishu? Picha hiyo moja imeitangaza hoteli kuliko bango lolote la barabarani, na wanaoisambaza ni wageni wenyewe, tena baada ya kulipa.

Je, wajua walifikaje Nairobi? Katika miaka ya 1970, shamba la mlowezi la ekari 18,000 huku Soy lilikuwa likigawanywa kwa wakulima wadogo. Twiga wapatao 130 wa aina ya Rothschild waliokuwa humo wakawa hawana pa kwenda. Ndipo Jock na Betty Leslie-Melville walipomchukua ndama mmoja jike, wakambatiza Daisy na kumlea uani kwao Lang'ata, kwenye jumba ambalo leo ndilo Giraffe Manor. Wengine wa shamba hilo walihamishiwa kwingine, Ziwa Nakuru kukiwemo.

Je, wajua kwamba hapa tangazo lilitangulia duka? Kitabu kuhusu Daisy kilitoka 1977, filamu ikafuata 1979, nao umma ukafunguliwa milango ya kituo cha twiga cha Giraffe Centre mnamo 1983. Kufikia hapo mteja alikuwa na hamu ya miaka sita. Ni wafanyabiashara wangapi wa Eldoret wana subira hiyo?

Je, wajua kwamba mwaka huohuo wa 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji? Kampuni za safari zilizozoea kuuza risasi zikabaki na kamera tu.

Mshindani wa twiga hao naye hakuwa mbali. Shirika la Sheldrick, lililoanzishwa 1977 pia, hulea tembo yatima jijini Nairobi na kumruhusu mtu aliye Ulaya "kumlea" mmoja kwa mchango. Twiga anakula kiganjani mwako, lakini lazima uje. Tembo anakufuata hadi kwako, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo biashara kali zaidi.

Je, wajua jina Rothschild lilitoka wapi? Kwa Walter Rothschild, wa ukoo wa mabenki wa Uingereza, aliyewahi kufunga pundamilia kwenye gari lake na kuliendesha hadi Buckingham Palace. Huyo alijua kujitangaza! Twiga walioelezwa kisayansi mwaka 1903 walitoka nyanda za Uasin Gishu, ila jina likaenda kwa tajiri.

Na je, wajua Uasin Gishu sasa inauza nini? Miguu ya wanariadha. Eldoret, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 2024, hujiita Jiji la Mabingwa. Tatizo ni kwamba ukipanda hadi Iten, kaunti jirani, lango la mji linakukaribisha Nyumbani kwa Mabingwa. Wanariadha wenyewe hawajali: asubuhi wanakimbia Iten, jioni wanakagua majumba yao ya kupangisha Eldoret.