Sadaka Mbele ya Madhabahu

Mji wa Kayanga ndio makao makuu ya wilaya ya Karagwe. Katika nchi ile Wakatoliki na Walutheri hukaa pamoja. Dayosisi ya Kilutheri ya Karagwe ilianzishwa mwaka wa 1979, nayo ina hospitali yake Nyakahanga. Jimbo la Kikatoliki la Kayanga liliundwa mwaka wa 2008. Siku ya Jumapili watu hupiga magoti kanisani. Siku zote za juma wauguzi huosha vidonda vya wagonjwa. Basi huulizwa swali hili: katika dini ya Kikristo lililo kubwa ni lipi, ibada na sala, au matendo mema?

Wako wanaojibu ya kwamba sala ni kubwa, maana mwanadamu ni kiumbe, na wajibu wa kwanza wa kiumbe ni kumtukuza Muumba wake. Tena husema kwamba mtu asiyesali huchoka upesi katika kutenda mema, au hutenda ili asifiwe. Wengine hujibu ya kwamba matendo ndiyo makubwa, maana Mungu haoni njaa wala baridi, bali jirani huziona. Kila upande una neno la kweli. Kwa hiyo yafaa kuyatazama Maandiko kwanza.

Nabii Amosi na nabii Isaya waliwakemea watu waliozidisha sikukuu na dhabihu huku wakiwaonea maskini. Hawakuwakataza kusali, waliwaonyesha kwamba mikono iliyomdhulumu mwenziwe haipokewi inapoinuliwa katika sala. Yesu naye alisimulia habari za mtu aliyepigwa na wanyang'anyi njiani. Kuhani na Mlawi, watumishi wa hekalu, walimpita. Msamaria, mtu wa kabila lililodharauliwa, ndiye aliyemfunga majeraha. Lakini mara baada ya hadithi hiyo Luka anaeleza habari za Martha na Mariamu. Martha alihangaika na kazi nyingi za nyumbani, na Mariamu, aliyeketi kusikiliza, ndiye aliyesifiwa. Habari hizi mbili zimewekwa pamoja, wala msomaji hana ruhusa ya kuchukua moja na kuiacha ya pili.

Mtume Paulo alifundisha ya kwamba wokovu ni zawadi ya Mungu, wala haununuliwi kwa matendo. Yakobo alifundisha ya kwamba imani isiyotenda haina uhai. Kwa ajili ya mafundisho hayo Wakatoliki na Walutheri walishindana tangu siku za Martin Luther, katika karne ya 16. Tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji wa Augsburg, Ujerumani, walitia sahihi tamko moja: Mungu humpokea mtu kwa neema tu, na matendo mema ni matunda ya neema hiyo. Mkulima wa Karagwe aweza kulielewa jambo hili shambani mwake. Mgomba haupati uhai kwa sababu ya mkungu. Mkungu hutoka kwa sababu mgomba una uhai. Lakini mgomba usiozaa kabisa, mwenye shamba huung'oa.

Kabla ya jimbo la Kayanga kuundwa, Karagwe ilikuwa sehemu ya jimbo la Rulenge. Askofu wake tangu mwaka wa 1969 hata mwaka wa 1996 alikuwa Christopher Mwoleka. Siku zile serikali ya Tanzania ilihimiza vijiji vya ujamaa. Askofu huyo alikwenda kukaa katika kijiji cha namna hiyo, akafanya kazi pamoja na wanakijiji. Alifundisha ya kwamba Utatu Mtakatifu si fumbo la kuumiza kichwa tu, bali ni mfano wa kufuatwa: Baba, Mwana na Roho Mtakatifu hushirikiana yote, basi wanadamu nao na washirikiane. Hivyo jina litajwalo katika ishara ya msalaba likawa jembe mkononi.

Mwaka wa 1994 swali hili lilikuja kwa ukali. Ng'ambo ya mto Kagera, katika nchi ya Rwanda, watu wengi walikuwa wamebatizwa. Hata hivyo mwezi wa Aprili maelfu ya Watutsi waliuawa katika kanisa la Nyarubuye, walikokimbilia, si mbali na mpaka wa Tanzania. Na wengi wa wauaji walikuwa Wakristo kwa jina. Tarehe 28 na 29 Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo, wakaingia Ngara, na Karagwe nayo ilipokea wakimbizi wengi. Kati yao walikuwamo watoto wasio na hatia. Walikuwamo pia watu wenye damu mikononi. Wote walihitaji maji, chakula na dawa.

Mambo hayo yanafundisha nini? Yanafundisha ya kwamba ubatizo na nyimbo, vikitengwa na upendo, haviuzuii mkono ulioshika panga. Yanafundisha pia ya kwamba wema wa mwanadamu hupungua upesi. Ni rahisi kumlisha rafiki. Lakini kumlisha mgeni ambaye labda ni adui kwataka nguvu ipitayo nguvu za mtu, na Mkristo huiomba nguvu hiyo kwa magoti.

Yesu alitoa amri iliyo wazi juu ya jambo hili. Mtu akileta sadaka yake, kisha akakumbuka ya kwamba amemkosea ndugu yake, na aiache sadaka pale mbele ya madhabahu, aende kwanza kupatana naye. Ndipo arudi kuitoa. Utazame vema utaratibu huo. Ndugu hutangulia, hata mbele ya madhabahu. Lakini sadaka haikutupwa. Inamngoja mwenyewe arudi. Anayebaki madhabahuni asiende kwa ndugu yake ameivunja amri. Naye anayekwenda asirudi ameitimiza nusu tu.