Utalii wa reli: Tabora isikubali kuwa mahali pa kupita tu

Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Tangu hapo mazungumzo ya reli nchini yamekuwa mazungumzo ya saa. Safari ya Dodoma iliyokuwa ikimaliza siku nzima kwa basi sasa huchukua takriban saa nne, na nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa na mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, ilikuwa shilingi 31,000. Mikataba ya kuifikisha reli hiyo magharibi ilikwisha kusainiwa: Makutupora hadi Tabora, kilomita 368, Desemba 2021; Tabora hadi Isaka, kilomita 165, mwaka 2022; na Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, Desemba 2022.

Kwa wafanyabiashara wa Tabora, habari hii inaleta swali ambalo bado halijajadiliwa vya kutosha. Reli ya zamani ya MGR, iliyojengwa na Wajerumani na kuhudumia mikoa ya magharibi kwa zaidi ya karne moja, itafanya kazi gani pale abiria wenye haraka watakapohamia reli hiyo mpya, SGR? Jibu linalosikika mara nyingi ni mizigo, na ni jibu sahihi. Lakini njia hiyo ina bidhaa nyingine ambayo haijawahi kuuzwa ipasavyo: mandhari na historia inayopita dirishani. Bidhaa hiyo ikipangwa vizuri inaweza kuwalipa wakazi wa Tabora, wakiwemo wale wa Kipalapala na Kwihara walio nje kidogo ya mji.

Njia ya milima, njia ya misafara

Ujenzi wa njia hiyo ya zamani, Reli ya Kati, ulianza Dar es Salaam mwaka 1905. Ulifika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Urefu wote ni zaidi ya kilomita 1,250, na Tabora iko kama kilomita 840 kutoka pwani. Mandhari ya milima haianzii Tabora, ambayo imekaa juu ya uwanda mpana wa miombo kwenye mwinuko wa karibu meta 1,200. Iko njiani kuelekea huko. Baada ya Morogoro, Uluguru ikibaki nyuma, treni huvuka mbuga ya Mkata na kuingia Kilosa. Hapo hushika bonde la mto Mkondoa na kupanda polepole katikati ya milima ya Usagara, maji upande mmoja na miamba upande wa pili, kupitia Kidete hadi Gulwe. Mbele ya Dodoma kuna mpando mwingine: kutoka Saranda, reli hujikunja na kuukwea ukingo wa Bonde la Ufa hadi Manyoni. Baada ya Tabora hufuata misitu ya Urambo na Kaliua, mto Malagarasi na Uvinza yenye chumvi, kisha mteremko wa kwenda Kigoma mpaka Ziwa Tanganyika litokeze.

Wajerumani hawakuibuni njia hii kutoka hewani. Kwa sehemu kubwa waliifuata ile ya wapagazi. Bonde la Mkondoa lilikuwa mlango wa misafara ya Bagamoyo, na Henry Morton Stanley alilipita mwaka 1871 akielekea Unyanyembe, eneo la Tabora, kwa safari ya miguu ya karibu miezi mitatu. Ndiyo maana reli hii ina thamani ambayo njia nyingi za milimani duniani hazina. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha ya awali ya UNESCO, ikitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Tazama ramani. Ukiiacha Bagamoyo iliyo ufukweni, vyote vimefuatana na reli: Mamboya upande wa Kilosa, Mpwapwa jirani na Gulwe, Kilimatinde karibu na Manyoni, Kwihara kando ya Tabora, na Ujiji kando ya Kigoma. Hakuna usafiri mwingine unaoviunganisha kwa mstari mmoja namna hii.

Msafara uliolala ndio uliojenga mji

Ili kuona fedha ziko wapi, tuanze na uchumi wa misafara wenyewe. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi na kulipwa kwa vitambaa, yaani merekani na kaniki, au kwa shanga na waya. Watawala wa Ugogo walitoza hongo kwa kila msafara uliopita na kunywa maji yao. Lakini faida ya Tabora ilitokana na jambo lingine. Hapa misafara ililazimika kusimama. Wapagazi wa pwani walilipwa na kurudi, wapya wakaajiriwa, chakula kikanunuliwa, na matajiri wakajenga tembe za kukaa miezi. Livingstone mwenyewe alikaa Kwihara mwaka 1872. Alifika na Stanley mwezi Februari, wakaagana Machi, naye akabaki hadi Agosti akisubiri wapagazi. Msafara uliopita bila kulala haukuuachia mji kitu. Uliolala uliacha fedha kwa mwenye nyumba, mkulima wa mtama, fundi na mama muuza pombe.

Kanuni hiyo haijabadilika katika utalii wa reli. Tiketi hulipa mwendeshaji wa treni. Pato la wenyeji hutokana na kituo: chumba kilicholaliwa, chakula kilicholiwa, gari lililokodiwa, mwongozaji aliyelipwa na asali iliyonunuliwa. Tabora ina bahati ambayo miji mingi ingeitamani, kwa sababu treni hulazimika kusimama hapa. Ni njiapanda ya Kigoma, Mwanza na Mpanda, na mabehewa hupangwa upya kabla safari haijaendelea. Saa hizo abiria huzitumia wakizunguka stesheni, wakinunua karanga, maembe, kuku na chai. Ni soko halisi, lakini wateja wake ni wenye fedha kidogo na bidhaa zake ni za bei ya chini. Hakuna anayemwambia mgeni kwamba tembe alikokaa Livingstone liko mwendo mfupi kwa gari.

Walioanza kabla yetu

Mfano wa karibu zaidi uko hapahapa nchini. TAZARA, iliyojengwa na China kati ya 1970 na 1975, ina kilomita 1,860 hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia. Kipande chake kati ya Mlimba na Makambako, kilomita zisizozidi 160, kina mahandaki 18 na madaraja zaidi ya 40. Kampuni ya Rovos Rail ya Afrika Kusini imekuwa ikiitumia njia hiyo tangu 1993 kuleta watalii kutoka Cape Town hadi Dar es Salaam kwa safari ya takriban siku 15, na abiria wake hulipa maelfu ya dola. Mwaka 2019 ilianza pia safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Lobito, Angola. Wateja hao hawalipii haraka. Wangetaka haraka wangepanda ndege. Wanalipia dirisha, kitanda, meza ya chakula na simulizi.

Wapo pia wateja wa ndani. Kenya ilipoifufua njia ya Nairobi hadi Nanyuki mwaka 2020, familia za mjini zilipata sababu ya kwenda wikendi chini ya Mlima Kenya. Hapa kwetu, treni ya Dar es Salaam kwenda Moshi ilirejea Desemba 2019 na kufika Arusha mwaka 2020, na msimu wa Krismasi Wachaga wanaorudi nyumbani wameipa uhai. Huko India, reli nyembamba ya Darjeeling iliyokamilika mwaka 1881 ingeweza kuuzwa chuma chakavu siku magari yaliposhika barabara ya milimani. Badala yake ilitunzwa, na mwaka 1999 ikaingia Urithi wa Dunia. Nchini Uswisi, Glacier Express hutumia takriban saa nane kati ya Zermatt na St. Moritz, na polepole hiyo ndiyo inayotangazwa.

Soko la kuuzia lipo. Mwaka 2024 Tanzania ilipokea zaidi ya wageni milioni 2 kutoka nje, lakini wengi wao huenda Zanzibar, Serengeti, Ngorongoro na Kilimanjaro. Ukanda wa magharibi hupata makombo, ingawa una sokwe wa Gombe na Mahale mwishoni mwa reli. Huko Kigoma kuna pia meli ya MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani, ikavunjwa vipande na kusafirishwa kwa reli hii hii kabla ya kushushwa majini mwaka 1915.

Gharama ambazo hazifichiki

Mwekezaji makini atauliza maswali matatu, na yote yana uzito.

La kwanza ni maji. Mkondoa, mto unaoipa safari uzuri wake, ndio pia adui wa reli. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalisomba tuta na madaraja kati ya Kilosa na Gulwe, na usafiri ukakatika kwa miezi. Mwaka 2014 Benki ya Dunia ilitoa mkopo wa dola milioni 300 za mradi uliohusisha kukarabati njia ya Dar es Salaam hadi Isaka. Hata hivyo, milima inapokatwa miti, mchanga hujaza mto na ukarabati hauishi. Treni ya utalii ipangwe Juni hadi Oktoba, wakati wa kiangazi. Mwishoni mwa kipindi hicho miombo hutoa majani mapya mekundu kabla ya mvua, na huo wenyewe ni msimu wa kuuza.

La pili ni usalama. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mteremko wa Igandu, mkoani Dodoma, ikagonga treni ya mizigo, na watu zaidi ya 280 wakafa. Mandhari ya milimani maana yake ni miteremko, na miteremko inadai breki zilizokaguliwa, mafundi waliofunzwa na mawasiliano yasiyokatika. Katika hili Tabora ina mchango mkubwa, kwa kuwa chuo cha reli kiko hapa na vijana wake wanaweza kuajiriwa bila kutafutwa mbali.

La tatu ni ratiba, ambalo ndilo jepesi kulitatua. Treni inayoondoka Dar es Salaam jioni huipita Usagara usiku, na abiria huamka uzuri wote ukiwa nyuma yake. Ratiba ya aina hiyo humfaa mchuuzi anayetaka kufika sokoni, naye ana haki yake. Treni ya mandhari inahitaji kuondoka Morogoro alfajiri ili Kilosa, Kidete na Gulwe vionekane kwa nuru ya asubuhi, na Saranda kabla jua halijazama. Kubadili saa ya kuondoka hakuhitaji mkopo wa nje.

Kazi ya Tabora yenyewe

Shirika la Reli Tanzania, TRC, linabeba SGR mabegani na halipaswi kulazimishwa kuendesha hoteli. Mpangilio unaofaa ni ule wa TAZARA na Rovos: shirika limiliki njia na kutoza ada ya matumizi, kampuni binafsi ilete mabehewa ya kulala, wapishi na wateja. Hata behewa moja la watalii likifungwa nyuma ya treni ya kawaida mara moja kwa wiki linatosha kupima soko. Na abiria wenye haraka watakapohamia SGR, MGR itapata nafasi ya kupitisha treni bila kuisubirisha kila stesheni.

Lakini halmashauri na wafanyabiashara wa Tabora wasingoje mwaliko. Siku moja ya mgeni hapa inaweza kujaa bila kujengwa kitu kipya. Asubuhi aende Kwihara, tembe lililogeuzwa makumbusho. Kisha Kipalapala, ambako Wamisionari wa Afrika waliweka kituo katika karne ya 19, ambako seminari kuu ya Mtakatifu Paulo imelea mapadre kwa vizazi, na ambako kiwanda cha uchapaji cha TMP kilipiga chapa vitabu vya Kiswahili vilivyosomwa nchi nzima. Mchana, chakula cha Kinyamwezi na asali ya miombo. Jioni, boma la Wajerumani na simulizi ya mtemi Isike, aliyekufa mwaka 1893 akiitetea ngome yake, pamoja na ile ya Septemba 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipouteka mji. Usiku alale, kesho yake ashike treni ya Kigoma.

Kinachokosekana ni waongozaji waliofunzwa, barabara ya Kwihara inayopitika, vyoo safi stesheni, asali iliyofungwa kwenye chupa yenye lebo badala ya galoni la mafuta, na bei inayojulikana. Hayo yamo ndani ya uwezo wa halmashauri, chama cha ushirika na vijana wenye bajaji. Historia ya watumwa nayo isimuliwe kwa heshima na ukweli wote, kwa kuwa watu walipita hapa wakiwa wamefungwa minyororo na uzuri wa njia haulifuti hilo.

Reli mpya itakapofika Tabora itampunguzia abiria muda wa safari, na hilo ni jema. Itaupunguzia mji pia sababu ya abiria kusimama. Kwa hiyo kipindi hiki cha ujenzi ndicho cha kuamua. TRC itenge nafasi ya treni ya mandhari kwenye MGR kabla njia hiyo haijakabidhiwa yote kwa mizigo, Wizara ya Maliasili na Utalii ivikarabati vituo sita vya njia ya misafara kama mradi mmoja, na Tabora iandae vitanda, waongozaji na meza ya chakula sasa, kabla mgeni wa kwanza hajashuka.