Kuotesha Pilipili Manga kwa Vipando



Mkarafuu hauna haraka. Mwenye kuupanda hungoja miaka 6 hadi 8 ndipo achume, na hata ukishaanza kuzaa hauzai sawasawa: mwaka huu neema, mwaka ujao ukata. Tena twajua jinsi tufani ya mwaka 1872 ilivyoangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Kwa hiyo twamshauri kila mwanachama awe na zao la pili, na jepesi kwetu ni pilipili manga. Huanza kuzaa mwaka wa 3 au wa 4, nayo hupanda juu ya mfenesi au mwembe uliokwisha kuwako shambani.

Miche si lazima kununua. Yaweza kuoteshwa uani. Lakini kwanza yafaa kufahamu jambo moja: kipando humfuata mama yake kwa kila hali. Mama akiwa mzazi mzuri, nacho kitakuwa hivyo. Mama akiwa mgonjwa, umejipandia ugonjwa.

Basi mchague mama wakati wa mavuno, vishada vikiwa bado juu. Tafuta mpilipili uliozaa vizuri misimu kadhaa, wenye vishada virefu vilivyojaa punje. Usikate kamwe kwenye mpilipili unaonyauka au wenye weusi shinani, wala kwa jirani yake. Maradhi ya kuoza shina hukaa udongoni, na huenea kwa maji na kwa udongo ulioshika jembe.

Wengi hukosea katika kuchagua tawi. Matawi ya ubavuni yanayobeba vishada hayafai, kwani mche wake hubaki kichaka wala haupandi mti. Chukua vitawi vinavyotoka chini ya shina na kutambaa. Vifunge mapema kwenye kijiti ili visitie mizizi ardhini kabla ya wakati.

Katika mwezi wa Desemba au Januari, kata kitawi kwa kisu kikali kilichosafishwa. Ncha laini itupe, na sehemu ngumu ya chini iache. Tumia ya kati. Igawe vipande vyenye mafundo 2 au 3. Kata majani, ubakishe vikonyo vyake.

Changanya udongo mzuri wa juu mafungu 2, mchanga fungu 1, na samadi iliyooza fungu 1. Tia katika mifuko au makopo yaliyotobolewa chini. Fukia fundo 1 au zaidi, kwa kuwa mizizi hutoka kwenye fundo, na hakikisha fundo la juu limebaki nje. Weka chini ya kivuli cha makuti na unyunyize maji kila siku. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Kipando hufa kwa maji mengi kama kifavyo kwa ukame.

Machipukizi huonekana baada ya wiki 3 au 4 hivi. Mvua za Masika zikishika, hamishia miche shambani, kiasi cha sentimita 30 kutoka shina la mti wa kupandia, mahali pasipotuama maji. Kwenye mkarafuu twashauri usipande, usije ukawazuia wachumaji.

Mwenye mpilipili mzuri asimnyime jirani yake kitawi. Shamba la jirani likiwa na miche mizima, na lako li salama.